Suur Aliyeketi Mgongoni mwa Kokbel

Yatangazwa kwa wakazi wote wa malisho ya Kokbel, wenye miguu miwili na wenye miguu minne, ya kwamba Uchunguzi Mkuu kuhusu Suala la Suur umekamilika. Kwamba ushahidi umepimwa bila woga wala upendeleo. Na kwamba mhalifu hakupatikana, wala hatapatikana.

Tangazo hili lilikusudiwa kusomwa kwa sauti kuu mbele ya umma. Lakini saa ile umma ulikuwa umekwenda kukama farasi, aliyebaki ni mbuzi mmoja, naye alikula ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo msimulizi wa habari hii, mtu mkweli kiasi cha kuwachosha wenzake, ameona bora aanze upya, tena taratibu.

Mwanzo wa yote ni Apa Sonun. Apa kwetu ni bibi, na Sonun alikuwa bibi wa Kokbel nzima, hata wa wazee waliocheza naye utotoni. Alikuwa ametengeneza shirdak arobaini na moja maishani mwake. Shirdak ni zulia la sufu, lakini ukisema hivyo mbele ya Apa atakugeukia kama mtu aliyesema kwamba farasi ni kiti.

Ya arobaini na mbili ilikuwa ya Aisuluu, mjukuu wake mkubwa, aliyekuwa anaolewa mwisho wa mwezi huko tambarare, mahali ambapo mlima huonekana kwa mbali, mdogo, kama kitu walichoazima kwa majirani. Siku Aisuluu alipozaliwa, Apa aliapa kwamba akiolewa atampa Kokbel yote aende nayo: mlima, mto, theluji na njia ya kondoo, vyote juu ya sufu, ili mtoto huyo popote aketipo awe ameketi kwao.

Shida ilikuwa macho. Ukungu mweupe ulikuwa umeyaingia pole pole kwa miaka mitatu, na kiangazi hiki Apa aliona mwanga, aliona kivuli, na mtu akisogea mbele yake alijua ni mtu. Mlima hakuuona tena. Hakumwambia yeyote. Kila asubuhi aliketi mlangoni mwa hema letu la duara, uso wake umeuelekea mlima kama zamani, na wapita njia wakasema, "Mwone Apa, anamwamkia mpenzi wake." Yeye alitabasamu, na moyoni akajiuliza swali moja ambalo alikuja kukiri baadaye kwamba lilimtisha kuliko kaburi: macho yakishaondoka, je, mlima nao umeondoka kichwani? Kama mkono ungekosea, Aisuluu angekwenda zake na mlima wa uongo, na Apa angejua kwamba Kokbel imemtoka.

Sufu ilikuwa ya kondoo wetu wenyewe. Wanawake waliipiga kwa fimbo nyembamba siku mbili, mpaka ikapanda hewani kama moshi usio na moto. Wakaitandaza juu ya mkeka wa matete, wakaimwagia maji yanayotokota, wakauviringisha mkeka na kuufunga kamba, kisha farasi akauburuta malishoni huku watoto wakiukimbilia na kuupiga mateke. Halafu wanawake wakapiga magoti safu moja, wakauviringisha kwa viwiko vya mikono, mbele na nyuma, wakihema kama watu wanaopanda mlima. Ulipofunguliwa, kile kilichoingia kama wingu kilitoka shuka nzito ambayo watu wawili hawawezi kuichana. Msimulizi amesoma fizikia katika shule ya bweni mjini Naryn, akapata alama ambazo si lazima zitajwe, na bado hajui wingu hukubali vipi kugeuka ngozi. Alisimama pale mdomo wazi. Hata mbuzi aliacha kutafuna.

Shuka moja iliachwa nyeupe. Ya pili ikatiwa rangi ya bluu, ile bluu ya kivuli kinapolala juu ya theluji.

Sasa ni lazima atajwe Kalipa, mke wa jirani, ambaye vijana humwita eje, yaani dada mkubwa, fundi hodari wa kushona na hodari zaidi wa kusema. Alikuwa na wajukuu wawili, ila Apa, ambaye alikuwapo siku Kalipa alipoletwa Kokbel na ushungi wake, aliendelea kumwita bi arusi. Kalipa alikuwa na mtindo wake wa kuketi: mgongo wima, mashavu yamejaa, mikono imepumzika juu ya tumbo, akiangalia huku na huku asipitwe na jambo. Katika miteremko yetu kuna mnyama aitwaye suur, mnene, wa mashimoni, mfano wa pimbi aliyeshiba, naye huketi hivyo hivyo mdomoni mwa shimo lake na kupiga mbinja akiona mgeni. Kufanana huko ni jambo la kimaumbile, wala hakuna aliyekubuni.

Asubuhi ya kuchora, Kalipa alikuja na kuketi kwa mtindo wake.

"Apa, hivi kweli unaona hapo?"

"Nakuona wewe umenenepa, bi arusi."

Wanawake wakacheka. Kalipa naye akacheka, lakini hakuacha. "Mimi nasema kwa mapenzi tu. Shirdak ya arusi si mchezo. Kama mkono umechoka, wapo wenye mikono mipya."

"Mikono mipya hutia chumvi kwenye chai mara mbili," alisema Apa, maana chai yetu ni ya chumvi. "Ninyi nendeni mkakame. Nitachora peke yangu."

Hakuwa peke yake kabisa. Alibaki Begimai, mjukuu wake mdogo, msichana wa miaka kumi na mitano aliyekuwa likizo, mpole, mtiifu, mwenye tabia njema ambazo walimu wake bado hawajazigundua. Begimai ndiye aliyetandaza shuka nyeupe juu ya ile ya bluu, palepale nje kwenye nyasi, akazishikiza kingoni kwa uzi ili zisiteleze. Kisha akampa Apa kipande cha sabuni ya kuchorea kilichokonda kama ukucha.

Kwa adabu zote, jambo lililofuata halina mzaha ndani yake. Apa alivua viatu, akapiga magoti juu ya weupe ule, akageuza uso kuelekea mlima kama mtu anayesikiliza akiambiwa jambo. Mkono ukaanza kwenda. Haukusita. Ulianzia chini, kwa sababu kwetu kila kitu huchorwa kutoka mzizini kwenda nchani, pembe ya kondoo, jani, hata mto. Ukapanda miguu ya mlima, ukazunguka kwenye vilele, na kila kilele kikajikunja mwishoni kikawa pembe ya kondoo dume, pembe zilezile zilizomo katika kila shirdak tangu enzi za mababu, ila safari hii zilikuwa pembe na zilikuwa Kokbel. Ukashuka na mto Karasu, kona saba, kona ya tano pana kuliko nyingine pale farasi wanapovukia. Begimai aliinua macho akatazama mlima, akayashusha akatazama sufu, akainua tena. Shingo ilimuuma. Alikuwa ameishi chini ya mlima ule kila kiangazi tangu kuzaliwa na hakuwahi kujua kwamba una umbo; alidhani ni kitu kinachozuia simu kushika mtandao.

Apa alipomaliza, aliweka sabuni chini. "Kuna kilichopungua?" aliuliza.

"Hakuna, Apa. Ni wote."

Apa akaomba asindikizwe ndani anywe chai.

Hapa ndipo Uchunguzi Mkuu unapokutana na giza. Muda wa birika moja la chai, shuka zilibaki nje bila mlinzi. Mtu fulani, ambaye hajulikani, alichukua kile kipande cha sabuni. Mtu huyo aliona kwamba kwenye mgongo wa mlima, upande wa kushoto, baada ya bonde la pili, mstari ulikuwa umenyooka, mtupu, kana kwamba unamwalika mpangaji. Akachora suur. Kichwa cha duara kilichofungwa kitambaa, mashavu, mabega, tumbo la heshima, na mikono miwili imepumzika juu yake. Nia ya mtu huyo, kama mtu asiyejulikana anaweza kuwa na nia, ilikuwa safi: Kalipa atakuja kuchungulia, atajiona ameketi juu ya Kokbel, wanawake watacheka hadi wajishike mbavu, kisha suur atafutwa kwa kiganja na maisha yataendelea. Sabuni hufutika. Hilo ndilo jambo la kuzingatia: sabuni hufutika.

Kisu hakifutiki.

Wanawake walirudi na ndoo zao. Kalipa alikuwa wa mbele, na kabla hajafika penye shuka alianza, kwa sauti ya kusikika mpaka hema la tatu: "Haya, tumeletewa nini? Apa, mimi nimelala nikiwaza. Chora wewe, sawa, ila kisu nipe mimi. Kisu kinataka macho."

Apa alitokea mlangoni. Aliyemjua angeona taya lake limekaza. "Kisu kiko wapi?" alisema.

"Apa, ngoja kwanza hata tuone..."

"Kiko wapi?"

Aisuluu, bila kujua anafanya nini, akamwekea kisu mkononi. Ni kisu kifupi, mpini wake wa pembe, kimenolewa jiweni tangu ujana wa Apa hadi kimebaki nusu. Apa akapiga magoti. Ncha ikazama katika nyeupe, ikapita, ikazama katika bluu.

Inampasa msomaji aelewe ubaya wa jambo. Shuka mbili hukatwa pamoja, kwa mkato mmoja; kisha mlima mweupe hupachikwa katika anga la bluu, na mlima wa bluu hupachikwa katika anga jeupe. Hakibaki kipande, hata cha ukubwa wa ukucha. Shirdak huzaliwa pacha: mmoja huondoka na bi arusi, mwingine hubaki nyumbani. Basi na kosa nalo huzaliwa pacha, likaenda kuaibisha koo mbili kwa mpigo. Tena katika hema letu kuna sheria moja isiyovunjwa: kisu kikishaingia, hakuna anayesema, kwa kuwa sauti hutikisa mkono.

Begimai alifungua mdomo. Akaufunga. Angesema, angevunja sheria na kutikisa mkono. Angesema, kila mtu angejua kwamba Apa haoni anachokikata. Asiposema, Aisuluu angekwenda kwa wakwe na panya mnene juu ya mlima. Haya anayawaza mtu asiyehusika kabisa, kwa huruma tu.

Apa alikata kwa mkono wa kulia, na kidole gumba cha kushoto kilitangulia, kikipapasa ule ukingo mwembamba wa sabuni. Mguu wa mlima. Kilele cha kwanza, pembe yake ikajikunja chini ya kisu kama ganda la tunda. Bonde. Kilele cha pili. Sufu ilitoa sauti ndogo, kama farasi anapong'oa nyasi. Bonde la pili.

Kidole gumba kikasimama.

Kikarudi nyuma. Kikapanda juu ya duara moja dogo, kikashuka mabegani, kikazunguka tumbo. Kikarudi tena. Wanawake wote waliinamisha shingo kutazama, na Kalipa alikuwa amefungua mdomo kama mtu aliyeona nyoka kwenye kitanda cha mtoto, lakini sheria ni sheria. Upepo wenyewe ulitulia. Apa alikuwa ameinua uso kuuelekea mlima asiouona, na midomo yake ilikuwa ikitikisika, kama anayehesabu mifugo ikiingia zizini na mmoja hajafika.

Ndipo machozi yakamtoka, machozi mawili tu, na akakata. Alimkata yule suur mzima mzima, kichwa, mabega, viwiko, tumbo, taratibu kuliko alivyokata vilele, kwa heshima ya mtu anayemvisha mtoto. Akaendelea mpaka mwisho wa mlima, akashuka na kona saba za Karasu, akaweka kisu chini.

"Semeni sasa," alisema.

Waliinua vipande, mikono minne kwa kila kimoja, wakavibadilishana: mweupe ukaingia katika bluu, bluu ikaingia katika nyeupe, kila kimoja kikakaa katika tundu la mwenzake bila kubaki upenyo wa sindano. Milima miwili ikalala kwenye nyasi, mmoja wa mchana na mmoja wa jioni, na juu ya kila mmoja, baada ya bonde la pili, kiumbe kile kimeketi mikono tumboni.

Kalipa ndiye aliyepata sauti kwanza. "Apa, lakini huyu..." Akainua kidole kuonyesha, na kidole chake, kikifuata mgongo wa mlima wa sufu, kikapanda chenyewe mpaka mgongo wa mlima wa kweli. Hapo akakwama. "Mungu wangu," alisema. "Lile Jiwe."

Wote waligeuka.

Juu kule, upande wa kushoto, baada ya bonde la pili, Jiwe lilikuwapo. Sote tulilijua. Lilikuwa kama saa yetu. Kivuli chake kikigusa mto ni wakati wa kukama. Lakini hakuna aliyewahi kulitazama, kama vile mtu hatazami pua yake. Na sasa, jua likiwa upande wake, lilionekana limeketi wima, kichwa cha duara kama kilichofungwa kitambaa, mabega, tumbo, na ufa mmoja umepita katikati kama mikono miwili iliyopumzika. Limeketi hivyo tangu mlima ulipoumbwa, likitulinda, likiangalia huku na huku, na vizazi vyote vimepita chini yake na ndoo za maziwa bila hata kuliamkia. Mwanamke mmoja alivua viatu. Aisuluu alikuwa akilia na kucheka. Begimai alihisi nywele za mikononi zimesimama.

"Nisamehe, Apa," alisema Kalipa, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi nina macho mawili na sikuwahi kuliona. Tazama hata mikono yake ilivyotulia. Jiwe lenye adabu kabisa. Linanipendeza, sijui kwa nini."

Mtu fulani alikohoa sana akalazimika kwenda kunywa maji.

Walishona siku kumi na nane. Kwenye kila mkato walipitisha kamba mbili, moja iliyosokotwa kuelekea kulia na moja kuelekea kushoto, zikalala pamoja kama nyayo za ndege kwenye theluji. Kalipa aliomba kushona lile Jiwe yeye mwenyewe, hakuruhusu mwingine aliguse. Wanawake wa upande wa bwana arusi walipokuja, wakatandaziwa ile yenye mlima mweupe, na mkubwa wao, bibi wa tambarare mwenye maneno ya kukata, alikataa kuikanyaga. Aliketi pembeni yake, juu ya ardhi tupu, akanywa maziwa yake ya farasi kimya. Baadaye alisema, "Sasa najua tunamtoa wapi mtoto huyu."

Walipoondoka na Aisuluu, Apa alibaki ameketi nje juu ya pacha yake, ile ya mlima wa bluu. Akamwita Begimai.

"Roho yangu, niletee sabuni."

Begimai akaleta.

"Nichoree Jiwe kwenye kiganja changu. Wewe una mkono mzuri."

Begimai, kwa unyenyekevu wake wote, akaanza kuchora. Hakufika mbali. Vidole vya Apa vilifunga juu ya mkono wake kama mtego.

"Umeanzia kichwani," alisema Apa.

"Ndiyo, Apa."

"Sabuni huacha tonge pale inapotua, na hukonda inapoondoka. Siku ile tonge lilikuwa juu, kichwani. Katika hema hili tumefundishwa mlima huanzia chini, jani huanzia chini, na jiwe huanzia chini. Anayeanzia kichwani anachora uso wa mtu. Mimi nilikuwa nimelisahau Jiwe, unasikia? Miaka sabini na tatu, na mkono wangu ukalipita. Nilikuuliza kama kuna kilichopungua ukasema hakuna. Kidole kilipofika pale nilijua mambo mawili kwa pamoja: kwamba Jiwe mahali pake ni pale, na kwamba aliyeliweka hakuwa akiwaza jiwe hata kidogo. Sasa niambie. Watu wa Kokbel wanasema mlima uliniongoza. Kalipa anasema nimepewa macho mengine. Nani aliongozwa, na alikuwa akichora nini?"

Msimulizi ametafuta njia ya kutokea. Amemfikiria hata yule mbuzi. Lakini vidole vya Apa bado vimeshika, na Jiwe linatazama, na haiwezekani kumdanganya mtu anayekusoma kwa kidole gumba. Uchunguzi Mkuu unafutwa. Begimai ni mimi. Sikuongozwa na kitu, Apa, sikulifikiria Jiwe, sikuwahi kulitazama kabla ya siku ile, na tangu siku ile naliamkia kila asubuhi, na kila nikiliamkia nasikia aibu na nataka kucheka.

"Si jiwe, Apa," nilisema. "Ni eje Kalipa."